Je, wajua kwanini amplifaya za bei poa zinakufa mapema, na kwanini aliyekuuzia hana msaada?

Hebu geuza sabufa yako uangalie nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia. Boksi lake lilikuwa na wati 8,000 kwa maandishi ya dhahabu, ila huku nyuma kuna kastika kadogo kanasema AC 220V, 50Hz, matumizi ya umeme wati 60. Plagi ya pini tatu tunayotumia Tanzania, Kenya na Uganda ina fyuzi ya ampea 13, zidisha kwa volti 230 unapata wati 2,990 na hapo ndo mwisho wake. Sasa hizo 8,000 zinaingilia wapi, dirishani?

Nimeanza na wati makusudi, maana ule uongo wa kwenye boksi na ile amplifaya kukata moto baada ya miezi michache vinatoka sehemu moja. Ile PMPO unayoiona imeandikwa pembeni ya hizo wati haina kipimo chochote kinachokubalika, kila kiwanda kinajipigia hesabu zake, wanachukua ule mshtuko wa sehemu ndogo sana ya sekunde wanazidisha na idadi ya spika halafu mtu wa mauzo anaongeza sifuri. Marekani walishachoka na huu mchezo zamani, mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, ikatoa kanuni kwamba ukitangaza wati za amplifaya ya nyumbani lazima ziwe za mfululizo, na kabla ya kupima ilikuwa lazima ipigishwe saa nzima kwa theluthi moja ya nguvu yake ipate moto kwanza. Hizi za kwetu ukizifanyia hivyo nyingi zingezima fundi hajamaliza hata chai.

Na mnunuzi naye anachangia, tuambiane ukweli. Ukiingia dukani Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, unalinganisha nini? Wati, taa zinazocheza, bluetooth, rimoti, USB, na besi ya dakika mbili muuzaji akikupigia. Hakuna anayeomba kufunguliwa kifuniko aone transfoma, lile dude zito linaloshusha umeme wa ukutani, kwahiyo kiwanda kinaweka hela pale macho yako yanapofika na kukata pale yasipofika. Transfoma inapungua, hitsinki, lile bati la kupooza joto, inakuwa nyembamba, kapasita, vile vikopo vya kutunza umeme, zinakuwa za kubana, na kile kirelei, swichi inayojikata yenyewe kulinda spika, kinaondolewa kabisa, wakati nafasi yake kwenye bodi bado ipo, imechorwa na matundu yake yapo, wamepitisha kipande cha waya tu.

Tuangalie sehemu moja kwa karibu maana hapa ndo nyingi zinapofia. China umeme wao ni volti 220, kwahiyo mashine nyingi zimepigiwa hesabu hiyo. Tuseme transfoma inapokea 220 na kutoa 25 AC, umeme wa kwenda na kurudi. Ikishapita kwenye daiodi na kujaa kwenye kapasita zile 25 zinakuwa karibu 35 za DC, umeme wa kwenda upande mmoja, maana unazidisha kwa 1.41. Kiwanda kinachojali kitaweka kapasita ya volti 50 hapo. Kinachobana senti kinaweka ya volti 35, kwasababu ni ndogo na rahisi na kwenye meza yao ya majaribio inashika. Sasa ilete huku, Tanzania umeme ni 230 kwa makaratasi, Kenya 240, na usiku wa manane watu wakishazima mapasi na mafriji ya baa unapanda zaidi ya hapo. Kwa 240 ile transfoma inatoa 27 na ushee, ukizidisha unapata 38, hata ukitoa kidogo kinacholiwa na daiodi bado umeipita kapasita ya 35. Haipasuki siku hiyo. Inavimba kichwa taratibu, mngurumo unaanza kusikika hata volyumu ikiwa sifuri, besi inalegea, halafu siku moja umeme unarudi kwa kishindo baada ya kukatika na ndo basi tena. Wewe unailaumu Tanesco, na Tanesco wamechangia kweli, ila mashine ilikuwa imeshapewa kifo kiwandani.

Halafu kuna joto. Kapasita zina umri kama tairi, umri wake umeandikwa kwa masaa, mfano masaa 2,000 kwenye nyuzi 85, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likishuka nyuzi 10 umri unakuwa mara mbili. Kwahiyo kwenye nyuzi 75 unapata masaa 4,000. Nyumbani ukisikiliza masaa matatu kwa siku hiyo ni zaidi ya miaka mitatu, sio mbaya. Ila mashine ile ile ipeleke grosari inapiga mziki kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nne usiku, imewekwa juu ya friji, pembeni ya ukuta, juu yake wamepanga dekoda na kitambaa cha kufuma, masaa 4,000 yanaisha kwa siku 333, hata mwaka haufiki. Ndo maana unakuta mtu anasifia amplifaya fulani kwamba ina mwaka wa nne haijawahi guswa, na jirani yake mwenye kibanda cha chips anaitukana hiyo hiyo, na wote wawili wako sahihi.

Kuna la transista, vile vipande vinavyosukuma sauti kwenye spika. Wanaofungua mashine wanazijua 2SC5200 na mwenzake 2SA1943, hizi za Toshiba ni transista za kutoa nguvu, moja inabeba mpaka wati 150 za joto kwenye mazingira mazuri, na kwa ubora wake zikawa zinaigwa dunia nzima. Ile feki kwa nje ni ile ile, maandishi yale yale, ukiivunja kwa koleo ndani unakuta kile kipande cha silikoni ni kidogo, kama cha transista ya kazi nyepesi tu, wameivalisha koti kubwa. Inapiga vizuri kabisa kwa sauti ya kati. Siku ya sherehe mtu anaunganisha spika nne za ohm 8 (ohm ni kipimo cha ukinzani, ikipungua mkondo unaongezeka) kwa pamoja kwenye chaneli moja, zinakuwa ohm 2, mkondo unaotakiwa ni mara nne ya ule wa spika moja, transista inapiga shoti.

Na ikipiga shoti ndo utakumbuka kile kirelei kilichoondolewa. Ile DC yote ya ndani, tuseme volti 35, inaenda moja kwa moja kwenye spika, koili yake ina kama ohm 6 hivi, hapo ni zaidi ya wati 200 za joto tupu, na spika haichezi, imesukumwa upande mmoja imeganda, kwahiyo hata upepo wa kujipoza haipati. Unasikia "tup!" moja nzito, kisha harufu. Relei ingekata ndani ya muda mfupi sana ukabaki na amplifaya mbovu na spika nzima, ila bila relei unapoteza vyote kwa pamoja.

Zile ndogo za kisasa za daraja D, zile za saizi ya kiganja, zenyewe hazina shida kubwa ya joto maana karibu asilimia 90 ya umeme zinaupeleka kwenye spika. Shida yao ni adapta. Imeandikwa 100+100, inakuja na adapta ya volti 12. Kwa volti 12 kwenye spika ya ohm 4 huwezi kupata zaidi ya wati 18 safi kwa chaneli, 12 mara 12 gawa kwa 8, yaani ohm 4 mara mbili, hesabu ya darasani. Mtu anaona haipigi, anaenda kutafuta adapta ya laptop ya volti 19, inapiga kweli, na kama kapasita za ndani ni za volti 16 unarudi kule kule tulikotoka.

Haya, imekufa. Unairudisha na risiti. Shemeji yangu alirudisha ya kwake ikiwa haijamaliza miezi mitatu, waranti mwaka mzima imeandikwa kwenye boksi, muuzaji akainusa tu pale kwenye matundu akamwambia, "Bosi, hii imepiga shoti, waranti haihusu shoti." Sasa amplifaya huwa inaharibika kwa nini kingine kama sio shoti? Ukifungua umekata stika, waranti imekufa. Usipofungua huwezi kuonyesha kwamba kosa ni la kiwandani. Na pale chini ya risiti kuna ule mstari tunaoujua wote, mali ikishauzwa hairudishwi.

Ila huyo muuzaji ukimuangalia vizuri sio lazima awe kanjanja, hana tu pa kuipeleka. Mashine ilitengenezwa na kiwanda ambacho kinachapa jina lolote unalotaka kwenye boksi, bodi ile ile inauzwa kwa majina kumi, mzigo ukanunuliwa Guangzhou, ukaja na kontena, ukagawanywa kwa wauzaji wa jumla, wao wakauza kwa wa rejareja, na kila mmoja amepata faida yake ndogo siku aliyouza akafunga hesabu. Kuirudisha amplifaya ya kilo nane China ni gharama kuliko faida ya mtu yeyote kwenye huo mnyororo. Aliyeagiza akilalamika kule mara nyingi atapewa kapunguzo kwenye oda inayofuata, hiyo haikufikii wewe. Spea nazo ndo hivyo, oda ya msimu ujao inakuja na bodi nyingine ndani ya boksi lile lile, mchoro wa saketi hakuna, na IC nyingine, zile chipu nyeusi, zinakuja zimesuguliwa namba kwa msasa ili mshindani asiige, matokeo yake anayekomeshwa ni fundi wako wa mtaani.

Kisheria haupo uchi kabisa, Tanzania kuna Sheria ya Ushindani ya 2003 ambayo ina sehemu ya kumlinda mlaji na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko, Kenya wana Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012. Mimi ningesema zitumie, hasa kama ulinunua mashine ya bei kubwa na risiti halali ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unayo. Ila kwa sabufa ya bei ya kawaida wengi wanapiga hesabu ya nauli na siku za kazi wanaamua kwenda kwa fundi, na siwalaumu.

Kwahiyo swali la kuuliza dukani kwa maoni yangu sio waranti miezi mingapi, ni fundi wa mtaani kwetu ataiweza hii? Mashine yenye transista kubwa za miguu mitatu, au IC zinazojulikana kama TDA7294 na TDA2050 zenye namba inayosomeka, hata ikiwa mbaya sura inatibika, spea zipo kila kona ingawa feki zipo pia. Bodi yenye vipande vidogo kama punje za ulezi na IC isiyo na namba ikifa imekufa, utaambiwa ubadilishe bodi nzima na bodi haipo. Uzito nao unasema kitu kwenye hizi zenye transfoma, inyanyue, ile ya "wati 8,000" ambayo unaibeba kwa kidole haina transfoma ya maana ndani. Zile kubwa za mtumba nazo ni nzuri, nyingi michoro yake ipo mtandaoni, ila zilizotoka Japani moja kwa moja soma nyuma kwanza maana kwao umeme ni volti 100, ukichomeka kwenye 230 yetu haichukui hata dakika.

Na ukimpelekea fundi, angalia anavyoiwasha baada ya kubadilisha transista. Anayejua kazi haichomeki ukutani moja kwa moja, anapitisha umeme kwenye balbu ya zamani ya wati 60 au 100, ile ya uzi, iliyounganishwa mfululizo na mashine. Balbu ikiwaka kidogo ikafifia, bado hakuna shoti, anaendelea kupima kama kwenye matundu ya spika kuna DC kabla hajaunganisha spika yako. Ikiwaka kwa nguvu ikabaki hivyo anazima, bado kuna kitu kimeungua ndani, na zile transista mpya alizonunua zimepona. Ukiona anaweka kipande cha waya pale fyuzi ilipokuwa, chukua mashine yako.