"Ubao nao si unaungua?" Maswali ya vizibo vya moto yaliyonichosha

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Ndugu yetu mmoja aliyenunua nyumba ya mwaka 1908 hapa Ohio alinikuta besimenti, chumba cha chini ya nyumba, nakata vipande vya mbao za inchi mbili kwa nne. Ni vya kuziba uwazi ndani ya kuta ili moto usipande: ndivyo vizibo vya moto. Akaviangalia, akaniangalia. "Fundi, moto unauziba kwa kuni?"

Basi leo naandika, ili nikiulizwa tena nimpe mtu asome, mimi niendelee kukata.

Ndiyo, ubao unaungua. Lakini aliyewahi kupika kwa kuni anajua kwamba gogo haliwashwi kwa kiberiti. Mti mnene huungua kuanzia nje, na mkaa unaojitengeneza juu yake huukinga moyo wake. Wahandisi hukadiria kwamba moto hula kama inchi 1.5 kwa saa, na mbili kwa nne, ijapokuwa jina linasema mbili, ukiipima ina unene wa inchi 1.5 hizo hizo. Sikuahidi saa nzima, maana kwenye nyumba ya miaka mia viungo havikai sawa. Nakuahidi dakika: king'ora cha moshi kilie, watoto waamshwe, zimamoto wafike moto ungali chini.

Kinachoziangamiza nyumba hizi ni tundu. Jiko la mkaa ukilifunga mlango wa chini, moto unalegea. Ukiufungua ukapepea, unanguruma. Sasa nyumba za fremu ya baluni, zilizoanza Chicago miaka ya 1830 na kuendelea kujengwa hadi karibu 1940, nguzo zake za ukuta hupanda kutoka msingi hadi paa bila kukatwa na sakafu. Nafasi kati ya nguzo na nguzo ni dohani tupu. Huyu ndugu hakuniamini. Nikampandisha darini, nikashusha timazi katikati ya nguzo mbili. Kamba ikaenda, ikaenda, mpaka tukasikia chuma kikigonga chini kabisa kwenye msingi, ghorofa mbili chini yetu. Akanyamaza.

Tena sakafu ya juu imelalia ubao mwembamba uliochongewa kwenye nguzo, kwa hiyo uwazi wa ukutani unafunguka hadi ndani ya sakafu. Moto ulioanza karibu na boila unaweza kutokeza darini, au ukatambaa chini ya vitanda, na sebuleni hakuna aliyeona hata moshi. Ndiyo maana kanuni za ujenzi hutaka kizibo kwenye usawa wa kila sakafu na dari, na kwa mlalo kila futi 10. Mbao inayoitwa ya inchi 2, ubao wa jipsamu wa nusu inchi, au sufi ya mawe (nyuzi za mawe zilizo kama pamba) iliyobanwa isiteleze: vyote vinakubalika. Ukiacha upenyo wa kidole pembeni ya ubao, hujaziba.

Upenyo huo ndio kazi ya lile povu la rangi ya chungwa ambalo kila mtu ananiletea kopo lake. Ni la kuziba pembeni ya waya na bomba zinazopita kwenye kizibo. Povu lenyewe linaungua, jamani! Kujaza nalo nafasi nzima kati ya nguzo ni kutupa pesa.

"Nimeshajaza pamba ya kuzuia baridi ukutani." Pamba gani, na kwa namna gani? Ile ya nyuzi za kioo isiyobandikwa karatasi huhesabiwa kizibo ikijaza uwazi wote kwa kimo cha angalau inchi 16. Chengachenga za pamba zilizomwagwa tu hazihesabiwi, mpaka ziwe zimepimwa kwa kazi hiyo. Mimi kwenye sehemu zisizoingilika hutumia sufi ya mawe, na sibishani. Ukikuta waya za kale zilizoshikiliwa na vifundo vya kauri, usizifunike na chochote. Muite fundi umeme kwanza.

"Lipu ni nene." Lipu na fito zake huchelewesha moto wa chumbani usiingie ukutani. Ukianzia ukutani, lipu inakufichia tu.

"Itabidi nibomoe kuta zote." Hapana. Chini naingilia besimenti, juu naingilia darini. Katikati nang'oa sketingi, ule ubao wa chini ya ukuta, na kukata ukanda wa lipu juu ya sakafu. Nyumba ni ya kabla ya 1978, kwa hiyo chukulia rangi ina madini ya risasi, ambayo ni sumu: lowesha kabla ya kukwangua, na watoto walale kwa shangazi.

Siku ya mwisho yule ndugu alinikuta kwenye dohani ya matofali, nakunja bati. Pale mbao hukaa inchi 2 mbali na tofali, na uwazi unaobaki huzibwa kwa kitu kisichoungua. Alishaamini kabisa sasa, kipande cha mbili kwa nne mkononi.

"Fundi, hapa umesahau ubao."