“Hawa hawafikirii”: dhana potofu kuhusu fikra na siasa

Kampeni zikianza, kaa stegi yoyote ya bodaboda Arua au Busia, hapa Uganda: utaambiwa kwamba wafuasi wa upande ule wana upungufu wa akili. Siku hizi wasomi wa mitandaoni wameivika kauli hiyo joho la sayansi.

Dhana: Utafiti umeonyesha kuwa wapenda mageuzi ndio wenye kufikiri.

Ukweli: Kilichopimwa si akili. Mtu hutajiwa ng'ombe, kuku na majani, akaulizwa vipi viwili vinakwenda pamoja. Akisema ng'ombe na kuku, amepanga kwa aina. Akisema ng'ombe na majani, ametazama uhusiano. Yote mawili ni sahihi, na mfugaji wa Karamoja ana kila sababu ya kuanza na majani. Mwaka 2015 mwanasaikolojia Thomas Talhelm na wenzake walieleza kuwa Wamarekani wenye msimamo huria katika mambo ya jamii, yaani wapenda mageuzi, huelekea kupanga kwa aina kuliko wahafidhina. Huo ni wastani wa makundi, hautabiri kura ya jirani yako. Tena watu waliopewa mafunzo mafupi ya kupanga kwa aina walisogea kidogo upande wa huria, kwa hiyo hata habari ya kuzaliwa na msimamo haisimami.

Dhana: Basi na hapa Uganda ni hivyohivyo.

Ukweli: Watafiti haohao walipopima China, jambo hilo lilijitokeza kwenye miji iliyoendelea tu. Kwetu ugumu unaanza mapema zaidi: mhafidhina ni nani? Mpenzi wa Kabaka, mfalme wa Buganda, anayedai federo, yaani mfumo wa shirikisho, anatetea mila, na papo hapo anataka serikali kuu ipunguziwe mamlaka. NRM, chama tawala, ilirudisha mwaka 1993 falme kadhaa kati ya zile alizozifuta Rais Obote mwaka 1967, ikaikataa federo, tena ikauza mashirika ya umma kama mfuasi yeyote wa soko huria. Haya, kipange chama hicho kushoto au kulia! Vyama vikongwe navyo viligawana watu kwa dini. DP ilianzishwa mwaka 1954, ikajijenga kwa Wakatoliki waliochoka kunyimwa vyeo Mengo, makao ya serikali ya Kabaka. UPC, chama cha Obote, ikawategemea zaidi Waprotestanti. Wengi walirithi chama pamoja na ubatizo.

Dhana: Mwafrika hutazama uhusiano, Mzungu huchambua na kupanga kwa aina.

Ukweli: Miaka ya 1930 mwanzoni, Alexander Luria, mwanasaikolojia wa Kisovieti, aliwapa wakulima wa Uzbekistan nyundo, msumeno, shoka na gogo, wataje kisichofaa. Wasiosoma walikataa kuliondoa gogo: msumeno utakata nini? Waliopitia shule, hata kwa muda mfupi, waliliondoa. Wote walikuwa wa nchi moja. Kwa hiyo bibi na mjukuu wa nyumba moja pale Arua wanaweza kupanga vitu tofauti kabisa, na siku ya kura wakamchagua mgombea yuleyule.