Besi Ikimezwa na Bendi, Usikimbilie Kitufe cha Sauti Nzito

Wapiga gitaa la besi wengi wanaamini kwamba besi isiposikika jukwaani, dawa ni kuzungusha kitufe cha sauti nzito hadi mwisho. Sivyo. Mara nyingi hapo ndipo inapotea kabisa.

Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne, ule wa E, ukipigwa wazi hutoa takribani Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Huko chini ndiko ngoma ya mguu inakogonga, na ndiko ukumbi wenyewe unakovuma. Ukiongeza nguvu pale unapata ngurumo: watu wanaihisi kifuani lakini hawajui umepiga noti gani. Tena sauti nzito hula wati nyingi, kwa hiyo amplifaya inaelemewa mapema.

Sikio huitambua noti kwa msaada mkubwa wa mawimbi ambayo uzi huohuo hutoa juu ya lile la msingi: Hz 82, 123, 164 na kuendelea. Sikiliza wimbo kwenye simu. Kispika chake hakiwezi kutoa Hz 41, lakini mstari wa besi unaufuata vizuri tu.

Basi ongeza sauti za kati, kati ya Hz 250 na 800, na ile nzito uipunguze kidogo. Ukiwa peke yako chumbani utaichukia. Itasikika kama mtu anayeongelea puani. Usiirekebishe hapo. Subiri bendi yote ianze kupiga, ushuke na besi yako hadi wanaposimama watazamaji, usikilize kutoka huko.