C Moja Isiyolia Haimaanishi IC Imeungua

"Fundi, noti C ya katikati ya kinanda cha kanisa hailii, IC (kipande kidogo chenye saketi nyingi ndani) imeungua." Maneno haya nayasikia kutoka Makete hadi Tukuyu, na mara nyingi yanakuja na IC iliyokwisha kung'olewa, imefungwa kwenye karatasi, pamoja na ubao ambao njia zake za shaba zimebanduka. Naomba tuache.

Kinanda cha transista cha miaka ya 1960 au 1970 hakina IC kwa kila ufunguo. Noti huzaliwa juu kabisa: ama kwenye osileta (saketi zinazotoa mlio) 12, ama, kwa vya baadaye, kwenye IC moja kama MK50240, inayopokea mapigo ya takriban MHz 2 (milioni 2 kwa sekunde) na kutoa noti 13, yaani 12 za oktava na C ya pili. Kutoka hapo mitetemo ya kila noti hugawanywa kwa 2, hatua kwa hatua, kwenye saketi ziitwazo vigawanyi, kila hatua ikishusha oktava moja, hadi besi. Ufunguo ni swichi tu.

Basi kabla ya kushika bisibisi, kiulize kinanda chenyewe. Weka stopu (swichi ya kuchagua sauti) ya futi 8, yaani sauti ya kawaida ya ufunguo, bonyeza C zote. Zikinyamaza zote, shida iko juu. Za juu zikilia, kisha kuanzia oktava fulani kushuka ni kimya, pima kigawanyi cha kwanza kilichonyamaza. Noti zote 12 zikikosekana, pima umeme kwanza. Lakini ikinyamaza C moja huku za chini yake zinalia, kigawanyi chake kinafanya kazi, maana za chini hulishwa kupitia hichohicho! Hakikisha hivi: weka stopu ya futi 4, inayolia oktava moja juu, bonyeza C iliyo oktava moja chini. Hiyo ni sauti ileile inayopita kontakti (mguso wa swichi ya ufunguo) nyingine. Ikilia, mgonjwa ni kontakti. (Kwenye vinanda ambavyo ufunguo hupitisha umeme wa kuwasha saketi, si sauti yenyewe, kontakti mbovu hunyamazisha futi zote za ufunguo huo kwa pamoja.)

Kontakti ni waya mwembamba unaogusa ufito, na mara nyingi umepakwa fedha au dhahabu. Kanisa likifungwa Jumatatu hadi Jumamosi, ukungu na unyevu wa Rungwe vinabaki ndani, na fedha inaweka weusi. Hapo ndipo mtu anachukua msasa. Msasa unaondoa ule mpako, sauti inarudi kwa muda, kisha chuma cha chini kinashika kutu na hakuna cha kuokoa. Dawa ya kulainisha kufuli nayo inaacha mafuta, mafuta yanakamata vumbi.

Tumia spiriti, lakini ijaribu kwanza: dondosha tone kwenye kioo, liache likauke. Likiacha doa, hiyo ina mafuta, itafute nyingine. Zima kinanda, chomoa waya ukutani. Kata ukanda wa kadi nyeupe, uloweshe, uingize kati ya waya na ufito, bonyeza ufunguo taratibu, vuta ukanda mara 3 au 4 kufuata urefu wa waya. Ukivuta kwa ubavu unaupinda. Rudia na ukanda mkavu. Nafasi ya waya na ufito ilingane na ya jirani zake.

Mngurumo wa Hz 100 ni jambo jingine: kapasita (vihifadhi chaji) kubwa za pawasaplai zimekauka. Badilisha kwa volti zilezile au zaidi, angalia chanya na hasi, na zimwage chaji kupitia rezista kabla ya kugusa.

Kuna sehemu sina kanuni safi. Noti inayokuja asubuhi ya baridi na kupotea mchana mara nyingi ni lehemu iliyopasuka. Bonyeza ubao kwa kijiti kikavu hadi sauti ibadilike, kisha pasha upya viungo vyote vya eneo hilo. Itapona, ila hutajua ni kiungo kipi, na ikirudi baada ya miezi utaanza upya.

Hata C zote zikinyamaza, bado using'oe. Kigawanyi chenye shoti kinaweza kuinyamazisha noti ya IC isiyo na kasoro. Tenganisha mguu wa IC unaotoa C na saketi inayofuata, kisha upime hapo. Noti ikionekana, IC iache ilipo. Isipoonekana, na noti nyingine 11 ziko sawa, sasa ing'oe. Ukiweka nyingine, weka soketi kwanza.