Mnyama uliyemwita hakukuvamia: ufafanuzi kuhusu kuita na kuwinda wanyama wakali wanaoshambulia mifugo

Kila mwaka mvua zinapoanza kunyesha katika ukanda wa Tarangire na Simanjiro, nyumbu na pundamilia hutoka hifadhini na kutawanyika kwenye nyanda za malisho za vijiji, na simba na fisi huwafuata. Hayo ndiyo majira ambayo taarifa za ng'ombe kuuawa machungani na mbuzi kuchukuliwa zizini huongezeka, na sisi maofisa wanyamapori tumeyazoea. Jambo ambalo hatukulizoea, na ndilo lililonifanya niandike makala haya, ni swali ambalo sasa naulizwa karibu katika kila mkutano wa kijiji: je, mfugaji anaruhusiwa kumwita fisi au simba kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu, sauti ya mbuzi anayelia au ya ndama aliyekamatwa, ili mnyama akifika auawe?

Jibu ni hapana. Najua kwamba wengi wanaouliza wana uchungu wa kweli, kwa sababu ng'ombe mmoja wa maziwa ni ada ya shule na ni chakula cha watoto, na sitaki mtu aliyepoteza ng'ombe ajibiwe kwa neno moja tu. Kwa hiyo nitaeleza.

Wengi wameona video kutoka Afrika Kusini na Marekani, ambako wafugaji wa kondoo huwaita bweha, na kule Marekani jamaa yake aitwaye kayoti, kwa vifaa vya sauti, kisha huwapiga risasi. Ni kweli wanafanya hivyo. Lakini wanafanya kwa taratibu za nchi zao, mara nyingi katika mashamba yenye uzio, dhidi ya mnyama mwenye uzito wa mbwa wa kawaida. Simba jike huzidi kilo 110, na fisi madoa, ambaye anaweza kufika kilo 60, akisikia sauti ya mnyama anayekufa mara nyingi hafiki peke yake.

Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, Sura ya 283, wanyamapori wote ni mali ya umma na wamewekwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya Watanzania. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu bado nasikia watu wazima wakisimama mkutanoni na kusema, "Njooni mchukue simba wenu." Simba huyo si wangu wala si wa Wizara, ni wa taifa, na huyo anayesema yumo. Pili, uwindaji hauanzi pale risasi inapotoka. Kumfuatilia mnyama, kumnyemelea na kumvizia kwa nia ya kumuua ni sehemu ya uwindaji. Anayekaa nyuma ya zizi usiku akiwa na spika, tochi na gobole tayari anawinda, na kama hana leseni anawinda kinyume cha sheria hata kama hakuna mnyama aliyetokea. Tatu, zipo njia ambazo hata mwenye leseni haruhusiwi kuzitumia, zikiwamo sumu, mitego, mashimo, moto na silaha za kutegesha.

Sheria haimtaki mtu afe huku akimtazama simba. Inatambua kwamba mtu anaweza kumuua mnyama ili kuokoa maisha pale ambapo hatari ni ya papo hapo na hakuna njia nyingine, na tukio hilo ni lazima liripotiwe mara moja. Tatizo ni kwamba utetezi huo unasimama juu ya neno moja, kuvamiwa. Mtu aliyeandaa sauti, akachagua mahali, akakaa kumsubiri mnyama na silaha mkononi, atapata kazi kubwa ya kuieleza mahakama kwamba alivamiwa.

Hata tukiiweka sheria kando, njia yenyewe inamdhuru mfugaji. Katika kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, niliitwa alfajiri baada ya vijana kufanya jambo hilo. Walikuwa wameweka mzoga wa ndama hatua chache nyuma ya zizi na spika ndogo juu ya kisiki, wakapiga sauti ya mbuzi kwa karibu saa nzima. Udongo ulikuwa umelowa, na nyayo zilieleza kila kitu: fisi walitoka korongoni kwa pande tatu, kucha zao zikiwa zimechora tope mbele ya kila kidole, wakazunguka nje ya mwanga wa tochi hadi walipojua watu wako upande gani. Vijana walimjeruhi mmoja kwa mkuki. Wengine waliingia zizini kwa upande wa pili na kuua mbuzi wanne. Usiku wa tatu walirudi bila kuitwa na mtu yeyote, kwa sababu walikuwa wameonyeshwa kwamba mahali pale pana nyama na kwamba ua wake unapenyeka.

Sauti ya namna hiyo ikipigwa kwa nguvu usiku uliotulia husikika mbali sana. Watafiti wa Afrika Mashariki na Kusini wameitumia kwa miaka mingi kuhesabu simba na fisi, na wanyama hao wanaweza kuitikia kutoka zaidi ya kilomita 2. Maana yake ni kwamba mfugaji anayedhani anamwita fisi mmoja aliyemla mbuzi wake anawaita wote walio katika eneo hilo, wakiwamo ambao hawajawahi kugusa mfugo. Hana namna ya kuchagua nani aje. Watafiti hufanya kazi hiyo wakiwa ndani ya gari, mbali na makazi, wakiwa na vibali vya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI), na hawarudii sauti mahali pale pale mara kwa mara. Sababu ni kwamba mnyama anayeitwa mara nyingi bila kupata kitu hujifunza kwamba anadanganywa na huacha kuitikia, na siku wataalamu watakapomhitaji kwa ajili ya kumfunga kola ya kumfuatilia au kumhamisha, hatakuja. Anayeitwa na kupata mzoga hujifunza kinyume chake, na hilo ni baya zaidi.

Ningependa pia lieleweke kwamba mara nyingi anayewindwa siye aliyekosa. Simba hulaumiwa kuliko wote, ilhali katika maeneo mengi yaliyofanyiwa utafiti nchini, pamoja na Ruaha na Tarangire, mifugo mingi inayochukuliwa mabomani usiku huchukuliwa na fisi. Simba huua zaidi ng'ombe na punda, na mara nyingi huwaua machungani au wale waliopotea na kulala nje. Chui hupenda mbuzi, kondoo na ndama. Huuma koo, huacha matundu machache safi, na akiingia zizini huweza kuua wengi kuliko anaoweza kuwala. Fisi huanzia tumboni, kwenye kiwele na mapajani, na huvunja mifupa. Wapo pia mbwa wasio na wenyewe, ambao hung'ata masikio na miguu ovyo na kula kidogo, na ambao hakuna mwananchi anayependa kuwataja katika taarifa yake.

Sumu inahitaji maneno makali zaidi. Mtu anayenyunyizia dawa ya wadudu kwenye mzoga hamuui simba aliyemkosea. Anaua kila kinachokula pale. Mwaka 2018, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, simba 6 na tai 74 walikutwa wamekufa kwa sumu. Mwaka huo huo, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, walikufa simba 11, na 8 kati yao walikuwa watoto. Tai hutaga yai moja tu kwa kawaida, na bila tai mizoga hukaa porini muda mrefu ikisambaza magonjwa kwa mifugo hiyo hiyo tunayodai kuilinda. Nimeona pia mbwa wa boma wakifa kwa mizoga hiyo, nao ndio walinzi wa kwanza wa mbuzi. Yeyote anayejua mahali palipotegwa sumu atoe taarifa, na asisubiri mkutano.

Sasa niseme kuhusu nyara, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoharibikiwa wakidhani wamemaliza. Mnyama aliyeuawa kwa kujitetea, au aliyekutwa amekufa, ni nyara ya Serikali kuanzia ngozi hadi ukucha wa mwisho. Si halali ya aliyemuua, si ya kijiji, na haiwezi kuwa zawadi ya mganga wala pambo la ngoma. Kifungu cha 86 cha Sheria kinamhusu mtu anayekutwa na nyara ya Serikali bila kibali, na adhabu yake, kutegemea mnyama na thamani ya nyara, inaweza kuwa kifungo cha kati ya miaka 20 na 30. Kosa hilo hushtakiwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Mahakama zetu zimewafunga watu wengi miaka 20 kwa vipande ambavyo mtu anaweza kuvificha mfukoni. Kuna mila katika baadhi ya jamii zetu za kumtuza aliyeua simba, kama "kucheza simba" kwa Wasukuma, ambapo mchezaji hupita kwa ndugu na kupewa zawadi. Tunaziheshimu mila, lakini simba anayeuawa ili mtu apate zawadi hajauawa kwa kutetea mifugo, na tusiitane wajinga katika hilo.

Ukikuta mfugo umeuawa, usiuguse mzoga, usiuchune, na tafadhali usiuburute hadi barabarani ili viongozi wauone. Ukiuburuta unafuta nyayo, na nyayo ndizo ushahidi wako. Ufunike kwa matawi ya miiba ili tai na mbwa wasiuharibu, zuia watu wasikanyage eneo lile, na siku hiyo hiyo toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, ambaye ataiandika na kuifikisha kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Kama kijiji kina askari wanyamapori wa kijiji, waitwe mara moja, kwa sababu wao hufika kabla yetu. Taarifa itaje aina na idadi ya mifugo, mahali na saa, mifugo ilikuwa zizini au machungani, na nani alikuwa anailinda. Mnyama anayerudia kushambulia atashughulikiwa na askari wenye mamlaka hayo, kwa kumfukuza, kumhamisha, au kumuua pale inapobidi. Nakiri kwamba wakati mwingine tunachelewa. Wilaya ni kubwa na magari ni machache. Kuchelewa kwetu, hata hivyo, hakumpi mtu leseni.

Kuhusu malipo, Kanuni za mwaka 2011 zinazungumzia kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa, na kifuta jasho kwa mazao na mifugo. Nimerudia mara nyingi na narudia tena: kifuta jasho si fidia. Hakilingani na bei ya ng'ombe mnadani na hakikukusudiwa kulingana nayo. Aidha, mfugaji ambaye ng'ombe wake waliuawa ndani ya eneo la hifadhi walikoingizwa bila kibali hastahili kulipwa, na anaweza kushtakiwa yeye.

Linalopunguza hasara kwa hakika ni boma lenyewe, na hapa watu hawanisikilizi kama wanavyonisikiliza nikitaja bunduki. Watu huamini kwamba simba huruka ua na kuingia. Hutokea, lakini nimefika maboma mengi asubuhi na kukuta matawi ya miiba yamelala kuelekea nje, kwato za ng'ombe zikiwa juu yake, na nyayo za simba zikizunguka bila hata moja kuingia ndani. Simba alikaribia upande ambao upepo ulipeleka harufu yake zizini, ng'ombe wakapagawa, wakauvunja ua wao wenyewe na kumkimbilia gizani. Ua wa miiba humzuia ng'ombe aliyetulia, lakini hauwezi kumzuia aliyeshikwa na hofu. Ndiyo maana katika Simanjiro uzio hai umefaa sana: wavu wa chuma unaofungwa kwenye nguzo za miti ya jamii ya mbambara, ambayo ikichomekwa huchipua, hivyo nguzo haziliwi na mchwa na ua unazidi kunenepa kila mwaka. Kwa wenye uwezo mdogo, taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu kuzunguka boma, kama zile alizobuni kijana Richard Turere akiwa bado mtoto huko Kitengela, Kenya, humfanya simba adhani kuna mtu anatembea na tochi. Zihamishwe mara kwa mara, la sivyo mnyama atazizoea. Mifugo irudi kabla ya jua kuzama, ihesabiwe, na ng'ombe aliyepungua atafutwe na watu wazima jioni ile ile. Asiachiwe mtoto wa miaka tisa kuchunga peke yake kwenye vichaka vya korongo.

Mzee mmoja ambaye boma lake lilivunjwa kwa ndani namna hiyo ameshazungushia wavu pande zote. Nilipopita mara ya mwisho mlango ulikuwa bado matawi mawili ya miiba yaliyoegemezwa, na tumekubaliana nirudi kuukagua wiki ijayo, kabla mvua hazijawatoa nyumbu hifadhini.