Suri ya ordinatere inakuumiza mukono? Ngoja kwanza mbele ya kununua ingine

Mimi niko kinezi (munganga wa viungo na misuli) hapa Bukavu na batu benye mukono wa kuume unabauma banakuya kwangu sana, basekretere ba ma-ONG, bakesiye, na bale bavijana ba montaji ya video kule Nyawera. Bote banauliza ninunue suri gani (mouse, kile kitu cha kusukuma mushale ku ekra), na miye nabauliza inakuuma wapi, juu suri yenye kutosha kazi ku mukono haiko, kila moja inahamisha tu uzito fasi ingine.

Ile ya kawaida, kiganja kinatazama meza, mifupa mbili ya mukono inapishana, kisha kifundo kinabaki kimeinuka masaa yote. Mu kifundo muko kitundu kifinyu, neva ya mediani inapita mule pamoja na kano 9 za vidole, kukivimba kidogo inabanwa na ganzi inaanza ku gumba, kidole cha shahada, cha kati, na nusu ya kile cha ine. Kama ganzi yako iko ku kidole cha mwisho, acha suri kwanza, uangalie fasi unaegemezaka kiwiko.

Suri ya kusimama unaishika kama unasalimia mutu, mifupa haipishane tena, ni nzuri kwa kifundo. Ila sasa unaisukuma na mukono muzima mpaka ku bega, kwa hiyo mutu wa bega bovu simupatie ile hata kidogo. Na uijaribu mukononi mbele ya kulipa, kama ni kubwa kupita kiganja chako utaikamata kwa nguvu na maumivu itarudia palepale.

Mwenye bega namuelekeza ku trakboli: kitu kinakaa fasi moja, unazungusha boli na vidole. (Watu wanazani ni kitu ya juzi, kumbe bainjenia ba Kanada walitengeneza moja mu 1952 na boli ya kuchezea, na suri yenyewe, ya Engelbart, Mumarekani mwenye aliivumbua, ilikuya mu 1964.) Chukua yenye boli katikati. Ile ya gumba hapana, haswa kama unashinda unaandika WhatsApp na gumba ileile.

Kwa mikono yenye kutetemeka, au mutu mwenye vidole vichache, dawa iko tayari ndani ya Windows na ni ya bure: finya pamoja Alt ya kushoto, Maj (Shift) ya kushoto na Verr Num (Num Lock). Hapo, ku namba za pembeni ya klaviye, 8 inapandisha mushale, 2 inashusha, 4 na 6 pembeni, 5 inaklike, + inaklike mara mbili, 0 inakamata kitu na nukta inakiachilia. Ni polepole, sikatae, lakini mushale hauruki. Laptopu ndogo haina zile namba pembeni, tafuta klaviye ya namba tupu ya USB.

Na mwenye hawezi kutumia mikono kabisa? Kuko eViacam, programu ya bure, kamera inafuata kichwa na mushale unafuata, ukiusimamisha kidogo inaklike yenyewe. Inahitaji mwangaza ku uso, kwa hiyo umeme ukikatika magaribi kazi imeisha, labda uweke taa ndogo mbele yako. Ongeza pia mwendo wa mushale mu parametre ili kichwa kisogee kidogo tu, juu hapa mwenye kubeba uzito ni shingo.