Bunk na bunkum: neno la Kiingereza la porojo, wanavyosema watu na ukweli wenyewe

Juzi jamaa kanikomalia kabisa eti bunk ile ya upuuzi imetoka kwenye vitanda vya dabo deka vya bweni, ambavyo Kiingereza navyo vinaitwa bunk, yaani maneno ya mtu anayeota. Hapana bwana, hayo ni maneno mawili yaliyofanana sura tu, kama kaa la moto na kaa wa baharini.

Hii ya upuuzi ni kifupi cha bunkum, na bunkum ni jina la mahali. Kuna kaunti inaitwa Buncombe huko North Carolina, Marekani, ukienda Asheville umefika, na wenyewe wanatamka kama "bankam" hivi. Sasa mwaka 1820 bungeni kwao walikuwa wanabishana Missouri iingie kwenye muungano wao kama jimbo lenye utumwa au bila, mjadala umeenda weee watu wamechoka wanataka kupiga kura, ndo anasimama mbunge wa huko Buncombe, Felix Walker. Wenzake wakaanza kelele, kura! kura! jamaa kagoma kukaa, akawaambia watu wa kwao wanategemea aongee, kwa hiyo yeye anaongea kwa ajili ya Buncombe. Basi ikawa utani, mtu akipiga porojo za kufurahisha wapiga kura wake anaambiwa anaongea kwa ajili ya Buncombe, na baadaye watu wakaandika wanavyolisikia: bunkum. (Na sisi wabunge wa hivyo si tunao?)

Wengine wanampa Henry Ford, yule tajiri wa magari, sifa ya kulibuni. Ford ni kweli aliiita historia bunk, kwenye gazeti la Chicago Tribune mwaka 1916, ila neno alilikuta.

Halafu kuna wanaodhani ni tusi, unamwita mtu bunkum kama unavyomwita mjinga. Wala, ni maneno ndo bunkum, hata ya mtu mwenye akili zake.

Na debunk, lile la kuumbua uongo, wengi wanaliona la kisomi la zamani sana kumbe lilianza 1923, William Woodward kalitunga kwenye riwaya yake.

Mi anayenisikitisha ni Edward Buncombe. Koloneli wa vita vya uhuru wa Marekani, kajeruhiwa Germantown 1777, kafa mateka mwaka uliofuata, kaunti wakaipa jina lake kumuenzi. Walker akasimama kuongea.